Lantana imerudi: kusoma dalili za msitu wa mjini usiopona

Lalamiko huwa moja, hata likiletwa na watu tofauti. Kikundi kilifyeka lantana, kichaka kivamizi cha kigeni, Jumamosi tatu mfululizo, kikapanda miche 200, kikapiga picha na kwenda nyumbani kimeridhika. Mvua zikapita. Waliporudi hawakuuona hata mche mmoja. Walikuta ukuta wa majani unaowafika kifuani, mzito kuliko ule walioukata. Hapo ndipo ninapopigiwa simu na kuambiwa kwamba mahali pale pamelaaniwa.

Hapajalaaniwa. Kichaka kinachorudi huwa kimeachiwa mlango, na ukipiga magoti ukaangalia machipukizi yanatokea wapi, mlango wenyewe utauona. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta inayofanana na unayoiona, ujue sababu yake, kisha ndipo ushike jembe.

Ninazungumzia Nairobi: Karura, City Park, Arboretum, msitu wa Ngong Road, na vile vipande vya kando ya mito ambavyo havina hata kibao cha jina. Mvua zetu ni mbili, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Aliye pwani ana wavamizi wake, mwarobaini ukiwa mmojawapo, na baadhi ya ninayosema hayatamfaa.

Misitu hii ilifunguliwa zamani. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingekua upesi kwa ajili ya kuni za gari la moshi, na Karura nayo ilipandwa mikaratusi kwa haja hiyo hiyo. Baadaye ikaja tamaa ya viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa Karura walipokwenda kupanda miche mahali palipokuwa pamegawiwa wajenzi. Kila palipoanguka mti wa kivuli, jua liligusa ardhi, na jua likigusa ardhi ya Nairobi lantana haikosi.

Wavamizi ninaokutana nao sana ni wanne. Lantana yenyewe ilitoka Amerika ya kitropiki ikaletwa kama ua la bustani. Sestrumu, ambayo kwenye vitabu ni Cestrum aurantiacum, imetoka Amerika ya Kati. Maua yake ni ya rangi ya chungwa, matunda meupe, na majani yananuka ukiyafikicha. Solanum mauritianum ni ya Amerika Kusini, ina majani mapana yenye manyoya kama blanketi na vichala vya matunda ya njano. Wa nne ni Caesalpinia decapetala kutoka Asia, mwiba unaoparamia miti na kutoa maua ya njano. Ukikunasa shati huna budi kurudi kinyumenyume. Chini ya vichaka hivi vikikomaa huota vitu vichache mno. Lantana hasa hutoa kemikali kutoka kwenye majani na mizizi yake zinazodumaza mbegu za wengine.

Visiki vimechipua

Wiki tatu au nne baada ya mvua kuanza, kila kisiki kimetoa fimbo tano au sita mahali palipokuwa na shina moja.

Fukua udongo kwa vidole kuzunguka kisiki. Kwenye lantana utaona machipukizi yanatoka kwenye shingo, pale shina linapokutana na mzizi, usawa wa ardhi au chini yake kidogo. Panga na slasha hukata juu ya shingo hiyo, kwa hiyo mlichofanya ni kuipogolea. Mtunza bustani hufanya vivyo hivyo kwa makusudi ua lake linapokuwa jepesi na yeye anataka linenepe.

Nchini India, katika hifadhi ya Corbett, lantana huondolewa kwa kukata mzizi mkuu chini ya shingo na kukigeuza kichaka kizima. Nimeijaribu njia hiyo kwenye udongo wetu mwekundu, na sijaona nyingine inayoishinda. Tunafanya hivi: mmoja anakusanya matawi kwa kamba na kuyavuta upande mmoja ili shina lionekane. Wa pili anapiga kwa sururu au jembe jembamba lenye mpini mrefu, sentimita 3 hadi 5 ndani ya ardhi. Kichaka kikilegea kinanyanyuliwa na kuwekwa kichwa chini, mizizi juu. Usikiache kimelala ubavu. Shina la lantana likigusana na udongo mbichi hutoa mizizi kwenye vifundo vyake, na baada ya miezi miwili utakuwa umepanda kumi badala ya kuondoa kimoja.

Kazi hii ifanywe Januari na Februari. Ardhi ni kavu, mizizi iliyoachwa wazi inakauka kwa siku chache, na kuna muda wa kutosha kabla ya mvua ya Machi. Kufyeka katikati ya Aprili ni kuisaidia lantana, maana kisiki kilichokatwa kinanyeshewa siku hiyo hiyo.

Sestrumu ni kaidi zaidi. Inachipua kutoka shinani na kutoka kwenye mizizi iliyobaki ardhini, hivyo pigo moja la sururu halitoshi. Mche wake mchanga ung'oe kwa mkono ardhi ikiwa imelowa, ukiushika chini kabisa na kuvuta polepole. Kichaka kikubwa kichimbwe na mizizi yake minene yote, au kikatwe na kupakwa dawa. Kuhusu dawa nitasema wazi: natumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, mara chache, tena kwa sestrumu kubwa na ule mwiba wa Caesalpinia tu, mahali ambapo kuchimba kungebomoa ardhi. Inapakwa kwa brashi ndogo ya rangi kwenye jeraha bichi, dakika chache baada ya kukata, kabla jeraha halijakauka. Kupulizia juu ya majani msituni sikubali, kwa sababu dawa hiyo haichagui, na miche midogo ya muhugu, mti wetu wa asili, iliyojificha chini itakufa pamoja na kichaka. Karibu na mto, brashi irudi nyumbani. Na msitu wa serikali haukatwi hata kichaka kimoja bila ruhusa ya KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya, mwenye dawa na asiye na dawa.

Solanum mauritianum ndiyo nyepesi kuliko zote ikiwa ndogo, ila manyoya ya majani yake yanawasha koo na kukohoza. Vaeni barakoa.

Jambo la pembeni, lakini limeua ng'ombe: wachungaji wa mjini wakiona lundo la majani mabichi huomba wapewe. Lantana na sestrumu zote ni sumu kwa mifugo. Wakatalieni kwa heshima na muwaeleze sababu.

Visiki vimekufa, lakini ardhi imefunikwa na miche ya lantana

Ng'oa mche mmoja. Ukitoka na mzizi mwembamba ulionyooka kama uzi, huo umeota kutoka kwenye mbegu, na kosa si la sururu. Ndege hula matunda meusi ya lantana kwa miaka, mbegu zinaanguka, na nyingi zinalala ardhini zikiwa hai miaka kadhaa. Mlipofukua na kuingiza jua mliziamsha zote kwa pamoja.

Hali hii haizuiliki. Kinachozuilika ni kuiacha ikushinde, na hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Mwaka mmoja, katika msitu mdogo wa kando ya mto, tulikuwa watu zaidi ya 60 kwa siku moja. Wafanyakazi wa kampuni fulani walikuwa wameletwa kwa mabasi. Tulisafisha karibu ekari nzima, na jioni palipendeza kweli. Wakati wa kung'oa miche ulipofika, tulikuwa wanne. Kazi ile niliipanga mimi, na niliipanga vibaya: nilihesabu mikono ya kukata, sikuhesabu mikono ya kurudi. Lantana iliyoota kwenye ekari ile ilikuwa na umri mmoja, imebanana kama mbegu za mchicha kwenye tuta, na ilizuia hata miche ya asili iliyokuwa imeanza kuota yenyewe. Pale palikuwa na hali nafuu kabla hatujafika.

Miaka ya 1960 dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, walianza kurudisha uoto wa asili kwenye bustani za mji wao kwa namna iliyokuwa kinyume na desturi. Badala ya kushambulia penye magugu mengi, walianzia penye mimea mizima ya asili na magugu machache, wakasonga kutoka hapo kuelekea penye hali mbaya, wakivuruga udongo kidogo iwezekanavyo, na hawakusogea mbele mpaka mimea ya asili ilipoziba nyuma yao. Watu wawili na visu vidogo. Mimea yao siyo yetu, lakini mwendo wao ndio ninaoufuata tangu ile ekari ilipotushinda.

Kwa vitendo, gawa eneo lako vipande vya mita 20 kwa 20. Anza na kile kinachogusa msitu mzima, siyo kile kinachoonekana barabarani. Kabla hamjaondoa hata tawi moja, kubalianeni ni nani atarudi wiki ya 6 baada ya mvua kuanza, nani wiki ya 12, na nani katika kila msimu wa mvua kwa miaka mitatu. Wiki ya 6 mche wa lantana ni wa urefu wa kidole na unang'oka kwa vidole viwili. Ukiuacha mpaka utoe ua la kwanza, hesabu inaanza upya. Watu wanne wanaorudi wanaweza kukitunza kipande kimoja, labda viwili. Basi fyekeni kimoja, labda viwili, hata kama siku hiyo mmekuja 60. Waliobaki wana kazi nyingi: kuokota matunda kwenye magunia, kubeba takataka, kujaza udongo kwenye mifuko ya kitaluni.

Tena usiwe na haraka ya kupanda. Acha msimu mmoja uone ardhi itatoa nini. Mara nyingi nimekuta mukinduri, yaani Croton megalocarpus, na muthakwa, Vernonia auriculifera, vimeota vyenyewe kwa mamia. Maotea kama hayo yana mizizi iliyozoea mahali pake, na hakuna mche wa kununua unaoyafikia.

Lantana imeisha, kumekuja kingine

Aliyeingia anakueleza hali ya mwanga. Ikiwa ni sestrumu, uko chini ya kivuli cha wastani, kwa maana yenyewe huvumilia kivuli ambacho lantana haivumilii. Ikiwa ni Solanum mauritianum, mahali hapo ni peupe na pamechimbuliwa upya. Ikiwa ni matete na alizeti pori yaliyofunga kama ukuta, yaelekea uko karibu na mto unaobeba maji machafu, na ardhi imeshiba rutuba kupita kiasi.

Mahali peupe panataka miti ya asili inayokua kwa kasi na kufunika ardhi: muringa, yaani Cordia africana, muu, yaani Markhamia lutea, mutundu, yaani Croton macrostachyus. Muthakwa nao uacheni. Vikundi vingi huukata wakiuona kuwa gugu kwa sababu unakua haraka na hauna sura ya mti. Ni wa hapa, unaleta kivuli ndani ya miaka miwili, na chini yake miche ya msitu wa kweli hupata pumziko. Penye sestrumu, kazi ni kung'oa na kung'oa tena, kwa sababu kuongeza kivuli peke yake hakutaiondoa.

Mikaratusi huleta dalili hii kwa ukali zaidi. Ukiangusha shamba zima la mikaratusi kwa mara moja, jua la ghafla litaleta lantana ya kutosha kukuweka kazini miaka mitano. Karura mikaratusi imekuwa ikivunwa kwa awamu na nafasi yake kupandwa miti ya asili. Hata kwenye kipande kidogo, ondoeni mstari kwa mstari.

Miche iliyopandwa imekufa

Usiitupe. Ing'oe uisome, mmoja baada ya mwingine, angalau kumi.

Ukiona mizizi imejiviringa kwa umbo la mfuko wa kitaluni, mche ulikaa humo muda mrefu mno, au ulipandwa na plastiki yake, jambo ninaloliona kila msimu na linalonisikitisha kila msimu. Mfuko utolewe wote. Mizizi ya chini iliyojizungusha ikatwe kwa kisu kikali, sentimita 2 hivi, ndipo mche uingie shimoni.

Ukiona mizizi ni mizuri lakini fimbo imekauka, mche ulikosa maji kabla haujashika. Wakati wa kupanda ni wiki mbili za kwanza baada ya udongo kulowa kina cha mkono hadi kiwiko, siyo baada ya manyunyu ya kwanza. Mei ikifika ungali na miche, iache kitaluni ingoje Oktoba. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa kwa ajili ya kupanda. Miche imekuwa rahisi kuipata, na hilo ni jema, lakini kinachoripotiwa baadaye ni idadi iliyopandwa. Nyinyi hesabuni inayopumua Februari inayofuata. Nyasi zinazouzunguka mche nazo hunyonya maji kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo palilia duara la nusu mita na uweke matandazo ya majani makavu, yasiguse shina.

Ukiona umekatwa, angalia jeraha. Likiwa safi na la mshazari kama la kisu, ni sungura au panya. Likiwa limechanika na nyuzi zinaning'inia, ni paa, pongo au mbuzi, kwa kuwa hao hawana meno ya mbele ya juu na hula kwa kunyofoa. Mche uliong'olewa mzima na kuachwa kando ni kazi ya kima, na City Park wao ndio wenyeji. Zungushia mche matawi ya miba. Ya mgunga au ya mukawa yanafaa. Kuna waliozungushia matawi mabichi ya lantana yenye matunda, na sihitaji kueleza kilichofuata.

Ukiona majani yalikuwa ya manjano kabla ya kuanguka na udongo ni mweusi wa kunata, mizizi ilikosa hewa. Miti mingi ya Karura imezoea udongo mwekundu unaopitisha maji. Usiihamishie kwenye udongo mweusi kwa sababu tu ni ya asili.

Miti imekua, lakini chini ni vumbi

Hii ndiyo dalili inayodanganya wengi, maana ukiangalia kwa mbali unaona kijani. Ingia ndani. Miti yote ni ya aina moja, ya umri mmoja, imepangwa kwa mistari, na ardhi ni tupu. Mvua kubwa ikija udongo unakwenda nayo, na mti mmoja ukianguka, lantana inaingia kwenye pengo kama vile haikuondoka.

Sababu ya kwanza iko kitaluni. Mukinduri ni rahisi kuotesha, kwa hiyo ndio unaouzwa. Muhugu, Brachylaena huillensis, ndio uliokuwa nguzo ya misitu mikavu ya Nairobi, lakini una miti dume na miti jike, mbegu zake nyingi ni kapi au zimeliwa na wadudu, na unakua pole sana. Wachonga vinyago wameuwinda kwa miaka kwa sababu ya ugumu wa mbao yake, na miti mikubwa imepungua. Njia niliyoona ikifanya kazi ni kuhamisha maotea madogo yaliyoota chini ya mama yake, kwa ruhusa, siku ya mawingu, na donge la udongo likiwa zima. Muthiga, yaani Warburgia ugandensis, mbegu yake ipandwe mbichi. Ikikaa wiki chache imekwisha. Mueri, Prunus africana, nao haupendi kuhifadhiwa. Mutamaiyu, ule mzeituni wa porini, una kokwa gumu: lipasue kidogo kwa uangalifu bila kuumiza kiini. Ukijua haya utaelewa kwa nini kitalu cha kando ya barabara hakina miti hiyo, na kwa nini kikundi chenye nia kinafaa kiwe na kitalu chake.

Sababu ya pili ni kusahau vilivyo chini ya mti. Msitu una vichaka vyake, nyasi zake laini za kivulini, na mimea inayotambaa. Miti ikishafunga kivuli, miaka minne au mitano hivi, rudi ndani na uingize vichaka na nyasi kwa mafungu. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche 1,111 kwa hekta na inaacha jua jingi mno; mita 1 kwa 1 inataka 10,000, na vikundi vichache vinaimudu. Mimi hupanda kwa mafungu yaliyobanana, miche kumi na tano hivi, na kuacha mapengo kati ya fungu na fungu nikingoja ndege wajaze.

Sababu ya tatu ni ya mjini hasa: wafagiaji. Kwenye bustani nyingi mtu ameajiriwa afagie majani kila asubuhi mpaka ardhi ing'ae. Majani hayo ndiyo matandazo, ndiyo kitanda cha mbegu, na ndani yake mna mbegu zenyewe. Zungumza na msimamizi, mkubaliane njia zifagiliwe na chini ya miti paachwe. Mfagiaji naye aelezwe ana kwa ana. Asipoambiwa, atadhani anashtakiwa uvivu.

Mmekata kisichopaswa kukatwa

Lippia javanica ni kichaka cha hapa, na kila mwaka hufyekwa kwa kudhaniwa lantana. Tofauti zipo mkononi. Shina la lantana ni la pembe nne na lina vimiba vilivyopinda. Lippia haina miba, harufu yake ni tamu, wengine huchemsha majani yake kama chai, maua ni madogo meupe, na haizai tunda la kung'aa jeusi. Solanum giganteum nayo ni ya asili, na hukatwa badala ya mauritianum. Itazame matunda: yenye asili ya hapa ni mekundu, ya mgeni ni ya njano. Siku ya kazi, funga utepe kwenye vya kubaki kabla watu hawajagawiwa panga. Dakika 20 zinatosha.

Mteremko umemomonyoka, wanyama wametoweka

Mlisafisha yote kwa mpigo mmoja. Lantana, pamoja na ubaya wake, ilikuwa imeshika udongo na kuwaficha paa wadogo na ndege. Kwenye mteremko kata kwa mikanda inayofuata kontua, yaani inayokingama mteremko, acha mkanda mmoja umesimama, na uondoe uliobaki baada ya ule wa kwanza kufunikwa. Ukingoni mwa mto usichimbe kabisa.

Je, hakuna mdudu wa kuimaliza?

Naulizwa kila mara. Wadudu wa kula lantana waliletwa Afrika Mashariki, akiwemo Teleonemia scrupulosa, na miaka ya 1960 huyo alionekana Serere nchini Uganda akila simsim. Lantana bado ipo. Msingoje mdudu.

Katikati ni safi, pembeni kazi haiishi

Simama mpakani asubuhi utazame ndege wanatoka wapi. Kwenye kipande kimoja tulichokitunza miaka minne, sestrumu ilizidi kuota upande mmoja tu, na ng'ambo ya uzio palikuwa na ua mrefu wa sestrumu, umepogolewa vizuri, umejaa matunda meupe. Nilibisha hodi. Mama mwenye nyumba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kijana, huo ua niliupanda mwaka tuliohamia hapa. Nikiung'oa, wezi wataingia."

Nikamwambia, "Mama, sikuombi uung'oe leo. Tupande mukawa mbele yake, ukifunga ndipo tuuondoe huu."

Mukawa, ambao pwani huitwa mtandamboo, ni Carissa. Una miba ambayo mwizi haipiti, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda ya zambarau ambayo watoto na ndege hula. Tulipanda miche 80 Aprili hiyo, kwa nafasi ya nusu mita. Nilimweleza mapema kwamba utachukua miaka mitatu au minne kufunga. Kwa sasa tumekubaliana apogoe sestrumu kila inapoanza kutoa maua, na mtoto wake hunipigia simu nikisahau kupita.